Laptopu ya mtumba ya 2018 au mpya ya bei ya chini? Nipo Tandahimba, ni kwa ajili ya steshenari

Binti_Tandahimba

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Naombeni ushauri kabla hela haijatoka mkononi maana ikishatoka hairudi. Nina steshenari ndogo hapa Tandahimba, nachapa barua na sivii, naskani, naprinti, na kipindi cha maombi ya mkopo wa chuo nawajazia watoto fomu mtandaoni, siku nyingine nimefungua kurasa 10 kwa wakati mmoja na foleni ipo mlangoni. Kompyuta niliyokuwa natumia ilikuwa ya kaka na ameshahamia nayo Masasi. Baba kalipwa korosho zake kanipa laki 6 kasema mwanangu huu ni mtaji, usiniletee kitu cha miezi mitatu.

Sasa kuna mpya kabisa ipo kwenye boksi duka moja Mtwara mjini, 590,000, prosesa (ubongo wa kompyuta) Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4, diski GB 64 ile ya eMMC (ya bei ndogo kama ya simu), waranti mwaka mmoja. Halafu kuna kaka mmoja analeta za mtumba kutoka Kariakoo, ana ThinkPad T480, prosesa i5 jenaresheni (toleo) ya 8, RAM GB 8, diski ya SSD GB 256, anataka 570,000 na anasema tunaongea. Hiyo ya mtumba ina mikwaruzo kwenye mfuniko na herufi mbili za keibodi zimefutika. Moyo unataka mpya ila kila nikizisoma namba naona ya zamani imeizidi. Inawezekana kweli ya zamani ikaizidi mpya?

FundiShangani

Marahaba mdogo wangu. Inawezekana na ndivyo ilivyo hapo. Neno mpya linachanganya watu wengi sana, hiyo N4020 yenyewe ilitoka mwishoni mwa 2019 na hizo i5 za jenaresheni ya 8 zilianza kutoka 2017, wanapishana miaka miwili tu, kwa hiyo kilicho kipya dukani ni boksi na betri. Halafu N4020 iliundwa iwe ya bei ndogo na itumie umeme mdogo, ina kori (vichwa vya kufanyia kazi) 2 basi, wakati i5 hiyo ina kori 4 na kila kori inabeba kazi mbili kwa mpigo. Kwa kurasa zako 10 na printa inasubiri utaiona tofauti siku ya kwanza.

Ila kinachoniuma zaidi ni hiyo diski. 64 ukiiwasha utaiona kama 58 hivi, na 64 ndiyo kima cha chini kabisa kinachotakiwa na Windows 11, yaani imefika ukingoni hujaweka hata faili moja la mteja. Ikija apdeti kubwa inakosa pa kukaa inakwambia futa vitu, na wewe huna cha kufuta. Na nyingi za bei hiyo RAM na diski zimechomelewa kwenye mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), hata ukiniletea na hela mkononi siwezi kukuongezea. T480 ina nafasi 2 za RAM na inafika mpaka 32, diski unachomoa unaweka kubwa, keibodi inabadilika. Mimi mashine nisiyoweza kuifungua nikaitibu siwezi kumshauri mtu aweke hela ya korosho ya baba yake.

mwl_Ruangwa

Naheshimu maneno ya fundi lakini na mimi nina yangu. Nilinunua mtumba, muuzaji kaniambia tu "hii i5 mwalimu", nikaridhika. Mwezi wa tano betri inakaa dakika 25, muuzaji hapokei simu, halafu nikaja kuambiwa haipokei Windows 11 na ile 10 nayo Oktoba 14, 2025 Microsoft wakafunga apdeti zake za bure. Nilikuwa natunga mitihani ya muhula wakati huo, umeme ukikatika na kazi imepotea. Dada yangu waranti ni kitu kikubwa kwa mtu wa kijijini, una karatasi, una duka la kurudi. Tusimsukume mtu kwa sababu ya namba tu. Na hiyo Celeron kwa kula umeme kidogo si mbaya, aliye kwenye sola ataithamini.

FundiShangani

Mwalimu pole sana, na ulichosema kina uzito. Lakini angalia namba ya prosesa yako, nadhani utakuta i5-6300U au inayofanana nayo. Ile tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo jenaresheni, 6 ni ya sita, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanza kukubali jenaresheni ya 8. Kuna wauzaji wanailazimisha ikae kwenye za 6 na 7, ukiiona imewaka unaamini ni halali. "i5" peke yake ni sawa na kumwambia mtu nina gari bila kusema la mwaka gani.

Kwa hiyo mdogo wangu usinunue kwa picha, nenda mwenyewe na usiwe na haraka. Ikiwaka tu bonyeza Enter halafu F1 uingie BIOS (mipangilio ya ndani kabla Windows haijawaka), ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache hapo hapo hata kama anashusha bei, maana mitumba mingi ilikuwa ya makampuni. Mwambie aifute iwe kama mpya mbele yako, uiunganishe kwenye hotispoti ya simu yako KABLA hujalipa, ikileta jina la kampuni na kutaka barua pepe ya mfanyakazi ujue bado ina mwenyewe. Halafu fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) andika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti, linganisha uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo inaojaa sasa. Andika kila herufi ya keibodi, chomeka flashi kila tundu, fungua ukurasa mweupe kioo kizima utafute madoa. Mikwaruzo ya mfuniko achana nayo, haichapi barua.

MzeeMikindani

Mwanangu kwa nini usichukue desktopu ya mtumba? Kwa laki 6 unapata nzuri na kioo juu.

Binti_Tandahimba

Babu shikamoo, nililiwaza hilo, tatizo umeme ukikatika desktopu inazima papo hapo na fomu ya mtoto imefika ukurasa wa mwisho, na UPS (kile kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) ni hela nyingine. Kaka fundi hapo kwenye betri ndipo ninapoogopa, mwalimu kanitisha.

FundiShangani

Ndiyo maana hiyo T480 naisemea. Ina betri 2, moja ya 24Wh (kipimo cha uwezo wa betri) ipo ndani na nyingine unaichomoa kwa chini bila bisibisi. Ya ndani ikiwa na chaji unaibadilisha ya nje huku mashine inawaka na kazi yako haizimi. Na ya nje ipo mpaka ya 72Wh, inatokeza chini kidogo kama kisigino ila inakaa muda mrefu. Betri ni kitu cha kuisha hata kwenye mpya, tofauti ni kama unaweza kuibadili mwenyewe.

Binti_Tandahimba

Wakuu nimerudi, jana nilipanda gari la alfajiri mpaka Mtwara. BIOS haikudai chochote, kufuta tumefuta, hotispoti imeshika, hakuna jina la kampuni. Ripoti ya betri: zote mbili zilitengenezwa na 24,000 mWh (ndiyo hiyo 24Wh), ya ndani sasa inajaa 19,400 ila ya nje 13,100 tu. Nikamwonyesha muuzaji, kwanza akasema hizo ripoti zinadanganya, nikamwomba tuichomoe chaja tukae tuangalie, akashusha mpaka 525,000 na kaniandikia kwa mkono mwezi mmoja wa kurudisha. Mwalimu hiyo karatasi nimeidai kwa sababu yako, asante.

Leo imeprinti toka saa 2 asubuhi. Kaka fundi ukiipata hiyo betri ya nje ya 72 nishtue, nina 75,000 imebaki nimeiweka kwa ajili hiyo.