Mrejesho: Kipimo cha joto kimetulia baada ya nyaya zote za hasi kukutana sehemu moja

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini kihisi joto cha bwawa letu la vifaranga wa samaki aina ya sato hapa Igombe, Mwanza, kinachotumia umeme wa volti 5, kilikuwa kikitoa namba za kurukaruka kila pampu ya hewa ya volti 12 ilipowashwa. Mlinishauri nichunguze njia ya hasi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye betri, na kweli tatizo lilikuwa huko.

Pampu na kihisi vilikuwa vikitumia waya mmoja wa hasi, ulioishia kwenye skrubu yenye kutu. Pampu inavuta ampea 8. Nilipopima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kutoka upande wa kihisi hadi kwenye betri nilikuta volti 0.4, yaani ukinzani wa omu 0.05 tu, lakini volti hizo ndizo zilizokuwa zikijiongeza kwenye kipimo. Sasa kila kifaa kina waya wake wa hasi, na hasi za vyanzo vyote viwili vya umeme, cha volti 5 na cha volti 12, zinakutana kwenye boliti moja ya shaba karibu na betri, niliyoisugua kwa msasa hadi ikang'aa. Waya wa ardhi wa kasha la chuma nao nimeufunga hapo hapo, wala si mahali pengine.

Usiku wa jana pampu iliwaka na kuzimika mara nyingi, na kipimo hakikutikisika. Nawashukuru sana.