Chakula kinachobaki kwenye bafe: kiuzwe bei ya chee usiku, au kiachwe kama kilivyo?

Mleta mada: Wadau, hili tulijadili bila kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Ulaya kuna programu ya simu inaitwa Too Good To Go, ilianzia Denmark. Mgahawa ukiona chakula kitabaki, unatangaza mfuko kwa takribani theluthi moja ya bei ya kawaida. Unalipia kwenye simu, unaupitia karibu na saa ya kufunga, na kilichomo utakijua ukifungua. Je, hoteli zetu za bafe hapa Dar zifanye hivyo?

Mimi nasema zifanye. Bafe inapikwa ili ibaki: mteja wa dakika ya mwisho amelipa sawa na wa kwanza, kwa hiyo mpishi hathubutu kumwonyesha sinia tupu. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula madukani, migahawani na majumbani. Migahawa na huduma nyingine za chakula ni asilimia 28, majumbani 60. Ndiyo, kwetu nyumbani ndiko kunatupwa zaidi, ila cha nyumbani kimetawanyika. Cha hotelini kiko sehemu moja na saa yake inajulikana. Na siongelei makombo ya sahani, naongelea pilau ambayo haijapakuliwa.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, hiyo pilau ndiyo inayonitisha. Kwenye wali kuna bakteria, Bacillus cereus. Mbegu zake hazifi kwa kupika. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, na aina mojawapo ya sumu yake haiondoki hata ukipasha moto. Mtu atachukua mfuko Posta, akae foleni mpaka Mbagala, nusu ale, nusu aweke kiporo cha asubuhi bila friji. Akiharisha amdai nani?

Mchangiaji wa pili: Mimi nimeosha vyombo hotelini. Hicho mnachokiita cha kutupwa kina wenyewe. Bafe ikifungwa, msimamizi anatoa cha kesho, kingine tunagawana: mlinzi anakuja na hotpoti yake, dada wa usafi anajaza kopo la aisikrimu apelekee watoto. Siku kikiwekewa bei, hotpoti hiyo hiyo itaitwa wizi na getini tutapekuliwa.

Mchangiaji wa tatu: Na mama lishe mmemsahau?

Mleta mada: Mama lishe anauza zaidi mchana, hiki ni cha usiku. Atakayeguswa ni wa chipsi mayai, na huyo wala simuonei huruma.

Kuhusu wali nakubali, tuutoe. Tuanze na mikate, keki, maandazi na matunda, vitu ambavyo foleni ya Mbagala haiviharibu. Hoja nzito ni ya ndugu yetu wa vyombo. Napendekeza mgao wa wafanyakazi utoke kwanza, uandikwe kwenye mkataba, kinachozidi ndipo kitangazwe.

Mchangiaji wa pili: Kaka, ukishauandika utakatwa kwenye mshahara. Sisi tulikula kwa sababu hakuna aliyekuwa anahesabu.

Mleta mada: Na siku msimamizi alipoamua kumwaga vyote, mlimlalamikia nani? Ndiyo maana nasema uandikwe. Makato mtayapigania mkiwa na karatasi mkononi.