Tupeane uzoefu: kompyuta ya steshenari ilikuumbua vipi?

Mwanzisha mada: Wakuu, leo nimeenda kuprinti CV. Dada kafungua Word, hata flashi sijachomeka, naona mafaili ya watu yamejipanga: "barua kuacha kazi", "mkopo saccos final FINAL". Nikakumbuka 2019 nilivyoacha email wazi, mtu akamwandikia bosi wangu "nakupenda". Leteni yenu.

Kijana wa Mbagala: Mimi flashi ilirudi na virusi, mafoda yote shotikati. Sijui nayo ni faragha?

Mzee wa Fomu: Ngoja niseme, maana mmenitonesha. Nilienda kuprinti fomu ya shule ya mtoto. Nimeipakua, nafungua foda la Downloads niitafute. Chini yake kuna faili lina jina la mke wangu, majina yote matatu, mbele "baraza la usuluhishi". Nikabofya. Kurasa mbili. Aya ya tatu: "mlalamikiwa hajali familia". Mlalamikiwa ndiye mimi! Asubuhi tumekunywa chai pamoja. Nyuma foleni, dada ananiuliza, "Kaka, rangi au nyeusi?" Nikasema nyeusi. Nikaprinti vyote.

Shemeji Mtu: "Rangi au nyeusi" 😂😂 Pole kaka.

Mwanasheria wa Kijiweni: Pole ya nini? Kafungua faili la mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, imeanza kutumika Mei 2023.

Mzee wa Fomu: Sheria gani, mke wangu!

Mwanasheria wa Kijiweni: Mke wako, faili si lako.

Ctrl Zedi: Tumieni dirisha la faragha la Chrome, Ctrl+Shift+N. Yameisha.

Fundi PC: Hayajaisha. Hilo linasahau historia tu, ulichopakua kinabaki Downloads. Futa kwa Shift+Delete. Na hata hapo Word bado inaanika jina kwenye orodha ya karibuni. Hizi programu zimetengenezwa kama vile kila mtu ana mashine yake.

Mama Steshenari: Mimi mteja akitoka tu nafuta. Sawa, uongo, nafuta mashine ikijaa.

Kijana wa Mbagala: Ndo maana naandika kwa mkono.

Shemeji Mtu: Mzee, zile kurasa mbili ulizipeleka wapi?

Mzee wa Fomu: Dada alizibana pamoja na fomu. Nimejua mwalimu wa darasa aliponipigia simu.