Kibao cha Babu (kundi la ukoo, Ijumaa)

06:41 Shangazi Tabora: Asalam aleikum. Fundi anataka maneno ya kibao LEO kabla ya saa kumi. Jumapili hitma. Waliochanga ni watatu. Watatu! Kundi lina watu 34.

06:58 Shangazi Tabora: Mmesoma kumi na tisa. Nawaona.

08:20 Kaka Mwanza: Shikamoo Shangazi. Mwisho wa mwezi.

08:22 Shangazi Tabora: Nimeandika: "Mtumishi wa Reli, askari wa Keya, Burma 1944. Alizaliwa 1912." Keya ndiyo KAR, jeshi la Mwingereza, kwa nyie watoto.

08:40 Dada Kigoma: Kitambulisho chake cha reli kilisema 1915.

08:41 Shangazi Tabora: Alivyotaka karani. Mama yake alisema alimzaa mwaka Wajerumani walipofikisha reli Tabora. Ni 1912, kwenu Kigoma ilifika 1914. Na reli ya Mwanza inakamilika 1928, yeye ni kijana anayechotea genge la wafanyakazi wa reli maji. Hesabu.

09:03 Mdogo wa mwisho: Kumbe Babu aliendesha kifaru? Kwenye picha kipo begani

09:05 Mjomba Dodoma: Kifaru mnyama we mtoto 😂 Beji ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walikwenda kwa miguu Bonde la Kabaw, tope na malaria, mpaka Mto Chindwin Desemba 1944.

09:06 Mdogo wa mwisho: Bora angepanda huyo mnyama

09:09 Shangazi Tabora: Tumetoka kwenye michango tumeingia mbugani.

09:30 Ba'mdogo Dar: Mchoreni na ile nishani yake, nyota ya Burma.

09:31 Shangazi Tabora: Iliyotoka kwenye sanduku la bati siku ya pili ya msiba? Aliyekuwa na ufunguo anajijua.

09:33 Ba'mdogo Dar: Dada usianze. Au tuanze na cherehani?

09:34 Kaka Mwanza: Ujumbe huu umefutwa

11:15 Bibi Mdogo (anaandika mjukuu): Bibi anasema niandike kama anavyotamka. "Vita hakuvisimulia barazani hata siku moja. Mimi ndiye niliyemwamsha usiku akipiga kelele. Gengeni alizeekea, treni ikipita alijua kwa mlio taruma lipi limelegea. Andikeni reli. Burma iacheni huko huko. Na nyota msiulizane. Mje mniulize mimi, kwa miguu, si kwa simu."

14:32 Ba'mdogo Dar: Shikamoo Mama.

14:50 Dada Kigoma: 🙏

15:22 Shangazi Tabora: Tumesikia Mama. Fundi nimemwambia aitoe Burma. Anasema B na U ameshazichonga.

15:24 Mdogo wa mwisho: Si amalizie BURIANI

15:25 Mjomba Dodoma: 😂😂 huyu karithi

15:31 Shangazi Tabora: Herufi zimeongezeka, na bei imeongezeka. Nani anatoa elfu kumi?

16:07 Kaka Mwanza: Mwisho wa mwezi.

19:48 Binamu Muscat: Ndiyo kwanza natoka kazini. Hitma Jumapili hii au ijayo?