Naomba ushauri: PS5 ya mtumba au Xbox Series S?

Wakuu, heshima kwenu. Nina kibanda cha gemu huku Mbagala, PS4 mbili, mpira kutwa. Nataka kuongeza mashine moja. Mdogo wangu anasema siku hizi gemu za mashine moja tu hazipo tena, nichukue Series S, ni nafuu.

Ana hoja. Sea of Thieves ya Xbox iliingia PS5 mwaka 2024, Forza Horizon 5 ikafuata 2025. Ila naona Microsoft, wenye Xbox, ndio wanaofungua mlango zaidi. Spider-Man 2 ya PS5 ilifika kwenye kompyuta Januari 2025, Xbox patupu. Na vijana wangu God of War, nayo ya PlayStation, wanaiulizia kwa jina, hasa wa jioni wakitoka vibaruani.

Kariakoo nimeshaulizia bei. Shida ni kwamba Series S haina pa kuingizia diski, na mimi naishi kwa diski za kubadilishana na wenzangu. Kushusha gemu ya GB 100 kwa bando, mtihani!

Je, kuna mwenye Series S kibandani, inaingiza hela? Na PS5 ya mtumba yenye diski, nikague nini kabla sijalipa?