Naomba ushauri: kalamu ya tableti haitofautishi mkandamizo

Wakuu, habari za leo. Nimenunua tableti ya kuchorea ya mtumba, kalamu yake ina viwango 8192 vya mkandamizo. Kwenye dirisha la majaribio la draiva (programu inayoiunganisha tableti na kompyuta) mambo safi: nikikandamiza mstari unanenepa, nikilegeza unakonda. Nikihamia Krita, programu ya kuchorea, kwenye Windows 10, mstari ni uleule mnene mwanzo mwisho. Nyusi za mtu zinatoka kama zimechorwa kwa mkaa!

Nimetoka WinTab nikaweka Windows Ink (njia mbili za programu kupokea mkandamizo wa kalamu), nikazima na kuwasha kompyuta, wapi. Draiva ya tableti yangu ya zamani bado imo. Yaweza kuwa zinagombana? Niifute kwanza, au nikague brashi? Na ule mkunjo wa mkandamizo (grafu ya kupanga nguvu ya mkono itoe mstari mnene kiasi gani), mwenye mkono mzito anauwekaje? Hii ni ncha yangu ya pili ya kalamu na inalika.