Kuku 11 wamekufa kwa dawa ya nyigu isiyo na jina, na nyigu wenyewe wamerudi

Wafugaji wenzangu, leo asubuhi nimetoka kumfukia kuku wa 11. Nimejaribu kukaa kimya siku tano nimeshindwa, acha niseme.

Nyigu walijenga kwenye kona ya paa la banda, juu kabisa ya visanduku vya kutagia. Nilipokigundua kiota kilikuwa kimeshafika upana wa kiganja, kinaning'inia kwa kile kikonyo chao chembamba, vijumba vya pembe sita viko wazi vinatazama chini. Ukiangalia nguzo ya mlangoni unaona mistari myeupe walipokuwa wanakwangua mbao wakatafune watengeneze karatasi yao. Yaani wamejenga kwa banda langu lenyewe.

Matetea wakaanza kukwepa visanduku, wanataga chini kwenye maranda, mayai yanachafuka na mengine yanapasuka. Mmoja aliumwa kwenye kilemba, uso ukavimba hadi jicho likafunga. Hayo niliyavumilia. Ila siku mwanangu alipoingia kuokota mayai akaumwa mara tatu na nyigu mmoja huyohuyo (si kama nyuki anayeacha mwiba mwilini, huyu anachoma na kurudia), nikasema basi, naita mtu wa kupulizia dawa.

Simtaji jina. Alikuja saa saba mchana, jua kali. Nikamuuliza, nitoe kuku kwanza? Akanijibu, "Hii dawa haidhuru ndege, bosi, tulia." Nikamwamini kwa sababu ndiyo kazi yake. Vyombo vya maji hakuvitoa, vya chakula hakuvifunika. Alivaa barakoa yeye, akafunga na kitambaa juu yake, akapuliza paa zima mpaka dawa ikawa inadondoka kwenye fito wanazolalia kuku. Sasa niambieni: kama haidhuru, barakoa na kitambaa vya nini?

Nyigu wakaanza kuanguka. Na hapa ndipo roho inaponiuma, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale nikiangalia. Kuku haachi mdudu aliyeanguka. Walikimbilia wale nyigu waliolowa sumu wakawadonoa mmoja mmoja, wakawameza, na yule bwana anakunja mpira wake wala hageuki.

Kabla ya magharibi kuku wa kwanza alikuwa amelegea miguu. Udenda unamtoka mdomoni, anahema kwa mdomo wazi, mabawa yameshuka, mwili wote unatetemeka. Nikampigia daktari wa mifugo, akafika haraka, Mungu ambariki. Swali lake la kwanza kabla hata hajafungua begi: "Ni dawa gani?" Nikampa chupa iliyoachwa nyuma ya banda. Chupa ya soda, haina lebo, ina kimiminika cha njano kidogo chini. Akaishika, akaigeuza, akanirudishia. Nikampigia mpulizaji nikiwa nimesimama na daktari, jibu likawa, "Ni dawa ya wadudu tu, ile ya kawaida." Simu ikakatwa, hadi leo haipokelewi.

Daktari akabaki kukisia kwa dalili. Alisema zinafanana na sumu za kundi la organofosfeti, zile zinazovuruga mishipa ya fahamu, ambazo ndege hawazihimili. Akawachoma sindano ya atropini, dawa ya kupunguza makali ya sumu hizo, waliokuwa na nafuu, wawili wakapona. Waliobaki nimekuwa nikiwafukia kila siku mpaka leo.

Mnajua kisa cha mayai? Nayatupa. Nayatupa yote, kwa sababu kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla mayai hayajaliwa, na mimi sijui jina la dawa, kwa hiyo sijui siku. Mtu asiniambie nakuza mambo. Mwaka 2017 kule Uholanzi na Ubelgiji mamilioni ya mayai yaliondolewa sokoni kwa sababu mabanda yalipuliziwa fipronili, sumu ya wadudu, kuua utitiri wekundu wanaonyonya damu ya kuku, na sumu hiyo hairuhusiwi kwa wanyama wa chakula katika Umoja wa Ulaya. Kilichopuliziwa ni banda, kilichoonekana ni kwenye yai. Wale angalau walijua jina la walichotafuta.

Na baada ya yote haya, siku ya nne nyigu wamerudi pale pale! Mtu aliyejiita fundi hakujua kwamba saa saba mchana nyigu wengi wako nje wanatafuta viwavi na maji, wanaorudi jioni wanakuta kikonyo kipo wanaanza upya. Kiota alikiangusha kwa fimbo, kikonyo akakiacha.

Jana nimekimaliza mwenyewe. Nilihamishia kuku stoo tangu jioni. Usiku, giza likiwa limeingia vizuri na wote wamerudi kutulia, nikavaa koti zito, buti, glovu, wavu usoni, tochi nimeifunga kitambaa chekundu kwa sababu mwanga mwekundu hawauoni vizuri. Maji ya sabuni ya kuoshea vyombo, mazito, kwenye bomba la mkono. Sabuni inawalowesha na kuziba matundu wanayopumulia. Wakaanguka palepale. Nikafagia, nikakwangua kikonyo mpaka mbao ikabaki tupu, nikaziba mianya ya paa. Kuanzia sasa kila wiki nitapita kwenye kona kuangalia, maana kiota kinapoanza huwa ni malkia mmoja au wachache na vijumba vichache, unakitoa jioni kabla hakijawa jeshi. Ila aliyewahi kuvimba koo au kubanwa pumzi kwa kuumwa na nyigu asithubutu hata kukisogelea kiota, na ikimtokea mtu awahishwe hospitali hapohapo. Na waliokuwa wananishauri petroli na kiberiti, banda langu ni la mbao na chini ni maranda. Mlitaka niteketeze nini?

Kinachonikasirisha si kwamba alikosea. Ni kwamba aliulizwa swali la wazi, nitoe kuku?, akajibu bila kujua. Mtu anamimina sumu kwenye chupa ya soda, anaingia nayo kwenye nyumba yenye watoto, anakuambia tulia. Ukiita mpulizaji, kabla hajafungua pampu dai akuonyeshe kopo lenye lebo, usome mwenyewe imeandikwa nini kuhusu ndege na siku za kusubiri. Hana kopo, mlango ule pale.

Ile chupa ninayo. Nimeifunga kwenye mifuko miwili na kuiweka juu, kwenye kabati lenye kufuli. Aliyewahi kupeleka kitu kama hiki maabara akapata majibu ya maandishi, na akamfuatilia mpulizaji mpaka akalipwa kuku wake, aniambie alianzia wapi.